Shule Yenye Ukuta

Mwanangu alikuwa anasalimia mno. Nikiulizwa hadi leo kwa nini nilimchagulia shule ile yenye ukuta, jibu langu huanzia hapo, na likishaanza linapotea njia.

Kutoka kwetu mpaka sokoni Mudzipela ni mwendo mfupi, hata kwa mtu aliyejitwika beseni la maharagwe. Nikienda na yeye tulitumia karibu saa nzima. Huyu kamwita, yule kamshika mkono, bibi mmoja anataka kujua kama amekula, na kila mmoja alisalimiwa kwa lugha ya kwao. Kinande alikipata kwangu, maana sisi ni watu wa Butembo, tulikuja Bunia kufanya biashara tukakaa. Kilingala alikipata kwa askari wa zamani. Lugha nyingine zote aliziokota kwenye mpira. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kuliko baba yake, na hapakuwa na kiwanja mjini ambacho hakukijua. Alicheza na watoto wa kila mtaa na kurudi nyumbani na magoti yaliyochubuka na maneno mapya.

Mwanzoni nilijivuna. Kulikuwa na wateja waliopita meza tatu za maharagwe mazuri kuliko yangu ili waje kucheka na mwanangu. Halafu vita ikaingia mitaani, na mdomo uleule ukaanza kunikosesha raha.

Siku hizo mtu alisimamishwa njiani akapimwa kwa salamu. Ukiitikia kwa lugha isiyotakiwa mtaa ule, basi, kwenu watasubiri. Lugha zenyewe sitazitaja. Wa Bunia anazijua, na asiye wa Bunia hazitamsaidia kitu. Sisi tuliachwa tupite, kwa sababu hatukuwa wa huku wala wa kule, lakini mimi nilikuwa na mtoto aliyekuwa wa huku na wa kule kwa pamoja, tena kwa sauti kubwa. Hofu yangu ya pili ilikuwa miguu yake. Vijana wenye bunduki, wa pande zote, walichukua watoto wakawafanya makadogo, yaani askari watoto, na mtoto mrefu anayejua kukimbia hakuhitaji hata kujitangaza. Niliogopa wataniulia mtoto. Niliogopa zaidi watamchukua, wanirudishie mtu mwingine.

Shule aliyosoma miaka miwili ya kwanza ya sekondari ilijaa wakimbizi waliotoka vijijini. Walilala madarasani, wakapikia uani, na walimu wakaenda zao. Ilibidi nitafute shule ya watu binafsi, na nitafute peke yangu. Mume wangu alikuwa Mongbwalu, anauzia wachimba dhahabu nguo na sabuni, na barabara ilikuwa imekatika. Tulizungumza kwa vikaratasi. Mtu akitoka huko kwa miguu, akizunguka porini, ananiletea kikaratasi kilichokunjwa ndani ya ganda la sabuni, na habari yenyewe imeshachacha.

Shule zilizokuwa wazi, zenye nafasi, zilikuwa mbili.

Ya kwanza ilikuwa na kiwanja. Sisi tunasema tereni, na ile ilikuwa tereni kweli: nyasi, magoli yenye miti iliyonyooka, hata chokaa pembeni. Mkuu wa shule, yaani prefe, alikuja kutupokea huku ana filimbi shingoni. Nilidhani atauliza bulletin, ile karatasi ya alama. Hakuuliza.

"Mama, huyu mutoto ni wetu," akasema. "Nilimuona siku ile ya mechi. Hata leo anaweza kuanza."

Mwanangu alicheka mpaka masikio yakasogea. Dakika hiyohiyo alikuwa ameshavua viatu na kuingia katikati ya wenzake, anawaita kwa majina ambayo hakuna aliyemwambia. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Halafu nikawaona watatu wamekaa kwenye nyasi karibu na goli, bunduki zimelala mapajani, wanapiga makofi kila mwanangu alipogusa mpira. Mmoja akamgeukia prefe.

"Ule mulefu, iko na miaka ngapi?"

"Kumi na tano!" prefe akajibu kwa fahari, kama mtu anayesifia ng'ombe wake.

Nikamwita mwanangu, nikasema tumbo linaniuma.

Shule ya pili ilikuwa nyuma ya ukuta wa matofali mabichi, mrefu kunizidi, wenye vipande vya chupa juu. Ndani kulikuwa na uwanja wa kupanga mistari tu, ambapo mpira ungepigwa mara moja ukapotelea kwa jirani. Na somo la kuchagua halikuwepo. Waliingia wote katika seksio ya ualimu. Prefe wake alikuwa mzee mdogo, mkavu, miwani imefungwa kwa uzi. Alifungua mtoto wa meza akatoa kibao cha mti, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba.

"Hapa batoto habasemi luga ya kwao, mama. Ni Kifaransa tu, tangu ku mulango mpaka ku latrine. Mwenye anasema luga ingine, tunamuvalisha hii. Anakaa nayo mpaka anashika mwenzake anasema. Hapo njo anamupa. Mwenye anabaki nayo ku saa ya kufunga, anaosha latrine."

Nilikijua. Na mimi nilikivaa utotoni, Butembo, kikinikwaruza kifua. Lakini siku ile nilikitazama kama mtu anayeoneshwa dawa.

"Luga yoyote?" nikauliza.

"Yoyote. Hata Kiswahili."

Nilikaribia kumkumbatia mzee wa watu. Nilijiambia: hapa watamfunga mdomo, na ukuta utamficha miguu. Akaniuliza mtoto anapenda nini, na mimi, mama yake mzazi, nikasema bila kupepesa, "Kusoma tu. Mutoto ni mupole sana." Mwanangu akanitazama kama anayetafuta mama yake ameketi wapi.

Msidhani niliamua pale. Nilirudi nyumbani nikachanganyikiwa wiki nzima. Nilimwuliza jirani wa kulia, akasema mtoto asiyecheza atatoroka, na akitoroka atawaendea walewale. Nikamwuliza wa kushoto, akasema mtoto akicheza watamwona. Nikamwuliza mchungaji, akasema tuombe. Kikaratasi kutoka Mongbwalu kikafika: mpeleke kwenye mpira, huyu bila mpira atakufa kwa huzuni. Nikasema vizuri, baba ameamua, nikaanza kupiga pasi shati jeupe. Siku ya tatu kikaratasi kingine kikafika, nacho kama cha kwanza hakina tarehe: mfiche, usimwoneshe kiwanjani. Sasa mume wangu alibadili mawazo kuelekea wapi? Niliviweka vyote viwili mezani, nikavisogeza huku na huku kama mjinga. Mwishoni nilimwuliza mtoto mwenyewe.

"Weye unataka wapi?"

"Mama, weye unajua kwenye ninataka. Usiniulize kwa kunicheka."

Basi nikampeleka kwenye ukuta.

Kibao alikivaa siku ya kwanza kabla ya saa nne. Alimsalimia mlinzi. Siku ya pili alimsalimia mwanamke anayeuza mikate mlangoni. Kukiondoa kulikuwa rahisi: amsikilize mwenzake, amkamate, amvalishe. Hakufanya. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu, na kila siku alirudi amechelewa, ananuka dawa ya choo.

"Si useme Kifaransa tu!" nilimfokea. "Mdomo wako una upele?"

"Kifaransa ninasema, mama. Nimeisha kujua. Lakini kibao, ili kitoke, lazima nishike mutu. Mimi siwezi kutegea batu masikio."

Siku za mwanzo alilisema hilo akicheka, na kunionesha jinsi wenzake wanavyobana midomo wakimwona, wanaongea kwa mikono. Baadaye hakucheka. Akaanza kupita sokoni bila kumtazama mtu. Yule bibi wa kuuliza kama amekula akaniuliza mimi, "Mutoto anagonjwa?" Nikasema hapana, anasoma sana. Nilikuwa nimepata kilekile nilichokitaka, na nilimkasirikia kwa kunipa. Nikipika chakula anachokipenda, anakula, anasema "merci, maman," anaosha sahani. Nilitamani avunje kitu.

Kisha ikaja asubuhi ile. Milio ilianza upande wa juu wa mji wakati nimeshapanga maharagwe yangu mafungu mafungu. Tuliacha kila kitu. Akina mama wote wa soko walikimbia wakiwa na kitenge mkononi, kila mmoja kuelekea shule ya wake, na wengine tuligongana tukienda na kurudi, maana mama mwenye watoto katika shule mbili anakimbilia wapi? Nilipofika ukutani mlango ulikuwa wazi na watoto wanamiminika. Prefe alisimama hapo, miwani mkononi, anawaambia, "Kwenu! Kwenu mbio!" kwa Kiswahili.

Mwanangu akatoka. Shingo ilikuwa tupu.

Nisameheni. Risasi zinalia, watu wanakimbia, na mimi nikashangilia.

"Kibao kiko wapi? Umekitoa!"

"Nimekitoa," akasema.

Nikamkumbatia. Nilisema sasa umekuwa msomi, nikasema nitakununulia soda vita ikitulia. Tukashika njia ya nyumbani tukipita nyuma ya nyumba za watu, mimi nikiongea kwa woga na furaha kwa pamoja, mpaka tulipotokea kwenye barabara ya kushuka kwetu. Mbele yetu, mbali kidogo, alikuwa anakimbia mtoto wa darasa la kwanza la sekondari, mdogo, shati linamfika magotini. Alikuwa peke yake. Kila akiruka, kitu kilimpiga kifuani.

Mwanangu akasimama.

"Ni ule," akasema. "Risasi ilipolia, aliita mama yake. Mu luga yao. Nilikuwa nyuma yake. Mama, nilikuwa nimechoka."

Nikauliza lugha gani, na akaniambia, na ilikuwa lugha ya watu waliokuwa wanatafutwa siku ile katika mtaa wetu. Chini ya mteremko vijana walikuwa wameshaweka barieri: gogo, viti viwili, bunduki. Nao wenyewe walivaa hirizi shingoni, vipande vya mti kwenye kamba, na kila upande uliziogopa hirizi za upande mwingine. Mtoto yule angeulizwa, hii ni dawa ya nani? Angesema, si dawa, ni azabu, nilisema lugha yetu. Wangeuliza, ipi?

Ubongo wangu ulisimama. Nilikuwa bado natafuta la kufanya wakati mwanangu ameshaondoka. Sijawahi kumwona akikimbia vile, hata kwenye mechi. Alimfikia kabla ya kona, na kwa sababu wale wa chini walikuwa wameshatuona hakuthubutu kutupa kitu, maana kumtupia macho mtu anayetupa kitu ndiyo ilikuwa kazi yao. Alimvua kibao akicheka kwa nguvu, kama kaka anayemnyang'anya mdogo wake, akakivaa yeye mwenyewe, peupe. Akainama akamnong'oneza. Nilipofika nikamshika mtoto mkono. Ulikuwa umelowa.

Kwenye barieri aliyetuuliza alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, au amemzidi kidogo. Mimi nilijibu kwa Kinande kwanza, halafu Kiswahili, maana tulijua hilo linasaidia.

"Na huyu mudogo?"

"Wangu wa mwisho."

"Weye, mama yako ni huyu?"

Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Mungu ambariki, hakufungua mdomo. Kisha yule kijana akashika kamba ya shingoni mwa mwanangu, akaivuta kwa kidole.

"Dawa ya nani hii?"

Na mwanangu, ambaye wiki kadhaa hakuwa amemsalimia mtu, akafungua mdomo wake ule wa zamani.

"Dawa? Kaka, hii ni azabu ya masomo! Nilisema mu klase 'njaa inaniuma', prefe akasema lazima njaa ije na Kifaransa."

Wa pili, aliyekaa, akacheka. Yule wa kwanza akakigeuza kibao, akakipima kiganjani, na sura yake ikawa ya mtoto.

"Kumbe bado iko? Mimi nilivaa ile mwaka muzima." Akakiachia. "Sasa utamupa nani?"

"Hakuna."

"Tafuta mudogo," akamshauri, kwa upole kabisa. "Badogo banasahau Kifaransa mbio. Hivyo njo hata mimi nilitokaka. Haya, mupite."

Tukapita. Mwanangu alitembea mbele na sikumwona uso mpaka tumefika nyumbani, na tulipofika alikwenda nyuma ya jiko akatapika.

Mtoto yule tulikaa naye siku tatu, ndani, mlango umefungwa. Alikula vizuri. Walilala kitanda kimoja kila mmoja ameutazama ukuta wake. Nilitaka kumlaumu prefe, nikashindwa, kwa sababu ni mimi niliyekwenda kwake kwa miguu yangu na kuuliza "lugha yoyote?" kwa furaha. Nilitaka kumlaumu mwanangu. Nilimtuma wiki sita akajifunze kuwategea watu masikio, kila siku nikamfokea kwamba anachelewa kujifunza, na siku aliyojifunza nikamwahidi soda.

Siku ya nne mji ulitulia kidogo, na mama wa mtoto akaja. Alikuwa amejificha kwa watu wa parokia, miguu imevimba, na bado alitafuta pa kupata mkungu mdogo wa ndizi ili asije mikono mitupu. Alipomwona mwanawe alikaa chini palepale mlangoni. Halafu akasimama, akaweka ndizi miguuni pangu, akamshika mwanangu mikono yote miwili.

"Batu baliniambia," akasema. "Weye ulivaa kitu ya mutoto wangu ku barieri. Mama, huyu mwana ulimusomesha wapi?"

Nilimwonesha kwa mkono upande wa ukuta ule, ambao hata yeye aliujua.

"Sasa pale imefungwa. Ikifunguliwa utamurudisha, ao utamupeleka kwingine? Uniambie. Kwenye utapeleka huyu, na mimi nitapeleka wangu. Nataka akue pembeni yake."

Mtoto mdogo alikuwa anaangalia miguu yake. Alijua nani alimvalisha kibao, na alikuwa hajasema. Nilitafuta jibu, nikapata la aibu: nikasema ngoja kwanza nimwulize baba yake kule Mongbwalu, wakati barabara ya Mongbwalu ilikuwa imekufa.

Ndipo mwanangu akamsalimia yule mama. Alimsalimia kwa lugha ya kwao, sauti ya chini, salamu ndefu yote na majibu yake, na mama yule akaanza kulia. Kisha akavuta pumzi, akamtazama mtoto, akamtazama mama, na mimi niliyemzaa nikajua anataka kusema nini.

"Nenda kateke maji," nikamwambia.

Akanitazama kidogo. Akachukua bidoni akatoka. Pipa lilikuwa limejaa mpaka juu, na yeye ndiye aliyelijaza asubuhi ile.